Chokoleti ya Bwana Robota

Mjukuu wangu Neema ana mizani ya kioo chumbani kwake. Huipanda kila asubuhi kabla hata ya kunywa maji, kisha hushuka na uso wa mtu aliyeletewa habari za msiba. Majuzi alinitangazia, "Babu, chokoleti basi! Sili tena mpaka naingia kaburini." Viapo vya chakula nimevisikia vingi. Wiki haikuisha nikamkuta nyuma ya banda la kuku, amechutama, anatafuna mbiombio, karatasi ameifinyanga kiganjani kama mwizi aliyesikia mbwa.

Sikumcheka. Baridi iliniingia mgongoni. Mimi nilishamwona mtu mzima, mwenye gari na bunduki na mamia ya watu chini yake, akila chokoleti kwa kujificha vilevile. Na kwa sababu ya kujificha kwake, mzee wa watu asiye na kosa nusura apelekwe bomani Kilosa kama muuaji, na wakati ule aliyekwenda bomani kwa kosa hilo hakuna aliyemtayarishia chakula cha jioni.

Kwa hiyo nakuandikieni ninyi vijana mnaotaka kupungua na bado mnapenda utamu. Sitaki muache chokoleti. Nataka muile bila kuchutama.

Mimi ni mpishi mstaafu. Nimepika kwenye shamba la mkonge huku Kilosa enzi za Mwingereza, nikapika Mikumi kwenye nyumba ya wageni baada ya uhuru, mpaka magoti yalipokataa kusimama. Kusema mbele ya watu sijui. Nikiwa shuleni, mwalimu akiniuliza jina langu natokwa jasho hadi kwenye vidole vya miguu, na hilo ni swali ambalo jibu lake nilikuwa nalo. Ndiyo maana nilizoea kuandika. Kila jioni, nikiwa kijana, niliandika yaliyonitisha mchana ule, na madaftari yalijaa upesi kwa sababu vya kunitisha vilikuwa vingi: king'ora cha kiwanda, mbwa wa meneja, viatu vya memsabu, mke wa meneja, vikija koridoni.

Nyumbani ni Mamboya, chini ya misheni. Nilisoma mpaka sekondari, baba akafariki kabla sijamaliza, mjomba akanishusha tambarare kwenye mkonge. Nilidhani nitakatishwa majani kama wengine. Nyapara aliposikia najua kusoma Kiingereza akacheka, "Mikono hii si ya panga. Mpeleke kwa Mzee Athumani akamsomee makopo."

Mzee Athumani alikuwa mpishi wa meneja, mtu wa Masanze, mfupi, mwenye ndevu nyeupe na kofia isiyotoka kichwani hata moto ukiwaka namna gani. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo kwa sauti ndogo hivi kwamba aliinama.

"Marahaba. Unaitwa nani?"

"Yona."

"Yona wa kwenye nyangumi? Basi karibu, hapa tumboni." Akanionyesha jiko lilivyojaa moshi. "Sikiliza, Yona. Darasani ukikosea unapata sifuri. Hapa ukikosea mtu anaumwa, na mwenyewe ni Mzungu. Ogopa kidogo. Ukiogopa sana utaangusha sahani."

Niliogopa sana, na sahani niliziangusha.

Chokoleti ya kwanza kuiona maishani mwangu nilidhani ni grisi. Mizigo ya meneja ilishuka kwa treni stesheni ya Kilosa, ikapandishwa lori pamoja na vipuri vya korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi. Jua la Kilosa mnalijua. Nilipofungua kasha nikakuta ujiuji mweusi unang'aa umejipaka kwenye karatasi. Nikaupeleka kwa mafundi. Fundi akachovya kidole, akakilamba, akachovya tena, na mpaka Mzee Athumani anafika walikuwa watatu wanalamba.

"Yona! Grisi gani inanukia maziwa?"

Tangu siku hiyo alinifundisha kuitunza. Friji ya mafuta ya taa ilikuwepo, ila ilikaa nyama, na chokoleti ikilala na nyama itanuka nyama. Kwa hiyo tulikuwa na mtungi wa udongo, ndani ya mtungi wa pili mkubwa zaidi, katikati mchanga uliolowa. Chokoleti ilifungwa karatasi yake, kisha kitambaa kikavu, ikashushwa mle ndani chumbani mwa stoo, mbali na jiko. Ilitoka imekaza, kahawia, ukiivunja inalia "ta!" Ukiivunja isipolia, mzee alisema, imeshapata joto mahali.

Sasa meneja mwenyewe. Jina lake sitaliandika. Watu wote shambani walimwita Bwana Robota. Robota ni ule mzigo wa katani uliokandamizwa kwa mashine na kufungwa waya tayari kwenda melini, na hakuna mtu mwingine aliyefanana nao kama yeye. Daktari wa Kilosa alimwambia moyo wake unabeba watu wawili, na mmoja lazima ashushwe njiani. Akamtaka apimwe kila Jumamosi. Mizani ya zahanati ilikuwa ndogo, haikumtosha. Basi akapimwa ghalani, kwenye mizani ya marobota, mbele ya karani, makuli na kila aliyepata kisingizio cha kupita hapo.

Alipanda amevua kofia, kana kwamba kofia ndiyo yenye kosa. Karani husogeza chuma, husogeza tena. Makuli hutazama darini.

"Daraja la kwanza," mmoja alinong'ona siku moja. "Lipigwe muhuri liende Ulaya."

"Hilo halipandi meli, bwana. Meli ndiyo itapanda juu yake."

Walicheka puani. Mimi sikucheka, kwa sababu uzito ukipanda, hasira zilishuka kwetu jikoni. Sahani ilirudi imejaa, kikombe kilirushwa, na mara mbili nilimsikia akimwambia mkewe kwamba mpishi anamwekea samli kwa siri.

Memsabu alikuwa ndiyo kwanza ametoka kwao, hajafikisha hata msimu mmoja huku. Mwanamke mwembamba, mwenye hofu kuliko mimi, nikikumbuka vizuri. Sema hofu yake ilikuwa na amri ndani yake. Alimpenda mumewe na aliogopa kumzika huku ugenini. Siku daktari alipoondoka aliingia jikoni, akafuta kila kitu. Hakuna mayai asubuhi. Hakuna mkate. Kabichi ya kuchemsha mchana, kabichi jioni. Kisha akauliza chokoleti iko wapi.

Mzee Athumani alimwonyesha mitungi. Akamweleza kwa adabu utaratibu wake wa zamani, kabla memsabu hajaja: bwana akishakula chakula chake vizuri, anapelekewa kipande kimoja kwenye kisahani, na bapa la chokoleti lililobaki linakuwa limesharudi mtungini kabla kisahani hakijafika mezani. "Akiona kimoja, memsabu, anakula kimoja. Akiona bapa, anakula bapa. Nusu ya shibe iko kwenye macho."

"Hapana. Hapana kipande. Hapana kitu!" Akafunga stoo kwa kufuli, akanipa mimi ufunguo, kwa kuwa nimesoma. Niliuvaa shingoni. Nilihisi uzito wake hata nikilala.

Alipotoka, mzee alikaa kwenye kigoda akachambua mchele. Halafu akasema, "Yona, kitu ukikikataza chote, unakifundisha kunyata."

Neno hilo nilihama nalo mpaka Mikumi. Kule alikuja mgeni mmoja, mama mnene mcheshi aliyekuja kutazama tembo. Kila jioni alisukuma bakuli la kitindamlo kwa mkono mzima: "Ondoa, ondoa, nisilione!" Na kila asubuhi mfagiaji aliniletea karatasi za pipi kutoka chini ya kitanda chake, lundo. Siku ya tatu nikajitia ujasiri. Baada ya chakula nikampelekea kipande kimoja cha chokoleti nyeusi, ile chungu kidogo, kwenye kisahani cha kikombe, na kahawa isiyo na sukari. Akanitazama kama nimemtukana. Kisha akakila, akakaa nacho mdomoni huku anatazama nje nyasini. "Mpishi," akasema, "hiki kimekwenda mbali." Baada ya hapo chini ya kitanda hapakuokotwa kitu isipokuwa soksi.

Lakini nirudi kwenye mkonge, kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa Ramadhani. Ni lazima mwelewe jiko letu lilivyokwenda mwezi ule, la sivyo hamtaelewa lililotokea. Mzee Athumani alifunga, na alipofunga hakuonja. Wengine walimwambia kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema hakuna ubaya, yeye akasema mpishi akianza ncha atamalizia kijiko. Kwa hiyo mwezi mzima mimi Mkristo ndiye niliyekuwa ulimi wa jiko. Yeye anachemsha, ananukisha, ananiita: "Yona, chumvi?" Naonja. "Bado kidogo, mzee." Anatia. Ni kazi ya kuaminiana ile. Mtu anaweka jina lake kwenye mdomo wa mwenzake.

Memsabu hakulijua hilo. Nani angemwambia? Si mimi.

Asubuhi ile king'ora cha mapumziko kilikuwa hakijalia tuliposikia kelele njiani. Bwana Robota aliletwa amelazwa juu ya toroli la reli, la kupakia majani ya mkonge, na wanaume wanne wanalisukuma, jasho linawamwagika. Amekuwa wa rangi ya majivu. Anatapika, anashika kifua. Wakampandisha ndani kwa shida, memsabu akawa anakimbia mbele na nyuma, dereva akatumwa Kilosa mbio kumfuata daktari.

Tulibaki jikoni tumesimama. Mzee alikuwa anasoma dua kwa midomo tu. Mimi niliwaza kabichi. Kabichi inaweza kumwua mtu?

Kisha viatu vya memsabu koridoni.

Aliingia ameshika koti la kaki la mumewe kwa mkono mmoja, na mkono wa pili nusu ya bapa la chokoleti. Karatasi ilikuwa ileile ya chokoleti zetu. Lakini chokoleti yenyewe, ndugu zangu, sijawahi kuona kitu kama kile. Ilikuwa nyeupe. Yaani juu yake palikuwa na vumbi jeupe, mabaka mabaka, kama ukuta uliopata ukungu, kama mtu ameinyunyizia unga.

"Hii nini?" Sauti yake ilikuwa chini sana. "Hii nini hapa juu?"

Mzee aliinama kuitazama.

Aliuchukua ufunguo shingoni mwangu bila kufungua kamba, nikajikuta namfuata nimeinama kama mbuzi mpaka stoo. Akatoa bapa mtungini, akalifunua. Kahawia, safi, linang'aa. Akaliweka kando ya lile jeupe. Hapo ndipo hata mimi nilipoyaona yale aliyoyaona. Moja safi. Moja limepakwa kitu.

"Sumu," akasema.

Alimwita nyapara, yule yule aliyenileta jikoni, mtu mkubwa aliyeitwa Mbaruku. Tukasimamishwa kwenye baraza ya nyuma. Mbaruku alimshika Mzee Athumani mkono juu ya kiwiko.

"Mzee, leo umevuka mto bila kuvua viatu," akamnong'oneza. "Sema tu, ulimwekea nini?"

"Niachie mkono, Mbaruku. Mama yako nilimpikia pilau ya arusi yake."

"Pilau ile sina habari nayo. Hapa wanakuja askari."

Memsabu alimsogezea mzee lile bapa mpaka karibu na ndevu. "Kama hapana sumu, wewe nakula. Sasa hivi. Mbele yangu."

Mzee akalitazama. "Nimefunga, memsabu."

"Nini?"

"Ni mwezi wa Ramadhani. Sili mpaka jua lizame."

"Kila siku wewe napika, kila siku naonja! Leo hapana onja?"

Alimgeukia Mbaruku kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Nikaelewa jinsi ilivyoonekana kwake: mpishi aliyegombezwa juu ya samli, bwana anatapika, chokoleti imenyunyiziwa, na mpishi anakataa kuonja. Ningekuwa mimi memsabu, na mume wangu analia ndani, ningeamini hivyohivyo.

Mzee Athumani alifumba macho. Nilimwona mkono wake wa kulia unanyanyuka taratibu kuelekea kwenye chokoleti. Alikuwa anakwenda kuvunja saumu aliyoitunza miaka yote kwa ajili ya kuwaridhisha, na machozi yalishamfika ndevuni.

Na mimi nikasikia sauti inasema, "Yeye haonji. Mimi ndiye ninayeonja."

Ilikuwa sauti yangu. Memsabu aligeuka kunitafuta, maana nadhani hakuwahi kuisikia.

"Mwezi huu wote, memsabu, chakula chote kinaonjwa na mimi. Nipe mimi."

Sitaki mnifikirie shujaa. Nawaambia kweli kama nilivyoiandika jioni ile: sikujua kama ile si sumu. Nilijua kitu kimoja tu, kwamba Mzee Athumani hakuiweka. Pengine aliiweka mwingine. Shambani mle walikuwepo watu waliokatwa mshahara, watu waliopigwa, na Bwana Robota hakuwa malaika. Nilipolipokea bapa lile vidole vyangu vilikuwa baridi hata chokoleti haikuyeyuka.

"Yona," mzee akasema, "usimeze haraka. Weka ulimini kama nilivyokufundisha. Kikiwa na uchungu usiokuwa wake, tema."

Nikavunja kipande. Hakikulia "ta." Kilimong'onyoka.

Nikakiweka ulimini, nikafumba mdomo, nikasubiri kufa.

Mwanzo kilikuwa kama mchanga, kama mshumaa. Kisha kikaanza kulegea, na chini ya ule mchanga ukaja utamu, polepole, ukapita pembeni ya ulimi mpaka kooni. Sijui kama nitaweza kuwaelezeni. Nilikuwa na hofu kuliko siku yoyote, na kwa sababu ya hofu nilikisikiliza kipande kile kwa mwili mzima. Kila ladha yake niliisikia: maziwa, moshi kidogo, kitu kama ganda la mti. Kimoja kile kilichukua muda mrefu. Sikupata kula chokoleti tamu kama ile tena mpaka leo.

"Kula ingine," memsabu akasema. "Yote."

Cha pili kilikuwa kitamu. Cha tatu kilikuwa chokoleti tu. Cha nne nilikimeza ili kiishe. Kufika cha sita mdomo ulikuwa umejaa gundi, na sikusikia ladha yoyote isipokuwa sukari inayokwaruza koo. Nilikuwa sijala kitu tangu jana yake magharibi, zaidi ya kuonja, kwa ajili ya kumwonea haya mzee anayefunga. Jasho likanitoka usoni. Baraza ikaanza kuzunguka.

"Ona!" memsabu akapiga kelele. "Ona uso yake! Kama bwana!"

Mbaruku aliukaza mkono wa mzee. Mimi nilijiinamia magotini, nikasema moyoni, haya, ndiyo hii. Nilimfikiria mama yangu Mamboya, nani atapanda mlima kumwambia. Mzee Athumani alikuwa ananiita jina langu, mara moja, mara nyingine, kama mtu anayemwita mtoto atoke mtoni.

Mlango wa nyuma ukafunguka.

Bwana Robota alisimama pale na fulana na soksi moja, amejishika kwenye fremu, uso umerudiwa na rangi kidogo. Alimtazama mkewe, akamtazama Mbaruku. Mwisho akanitazama mimi, na midomo yangu iliyopakwa hudhurungi mpaka kidevuni.

"Wewe kijana," akasema kwa sauti ya mgonjwa. "Hapana bakisha hata kidogo?"

Hata kuku walisimama.

Memsabu akasema kitu kwa Kiingereza, haraka, na katikati yake nikalisikia neno sumu kwa lugha yao. Bwana Robota alitazama chini kwenye soksi yake. Mtu mkubwa vile, akawa mdogo. Akamweleza yote, na mimi nikayaelewa. Dereva alikuwa akimnunulia chokoleti Kilosa mjini kila anapokwenda. Alizificha kwenye droo ya ofisi yake, na ofisi yake iligusana ukuta na injini ya korona. Mchana ziliyeyuka, usiku zikaganda, mchana zikayeyuka tena. Siku ile aliondoka nyumbani bila kula, njaa imemshika, akafunga mlango wa ofisi akala mabapa mawili amesimama, upesi, sikio liko mlangoni asije akakutwa. Nusu iliyobaki akaitia kwenye koti.

Daktari alipofika alitupima wote wawili, bwana na mimi. Akaukwangua ule weupe kwa ukucha, akaulamba. Ni mafuta ya chokoleti yenyewe, akasema, yakipata joto hupanda juu yakaganda. Hayaui mtu. Kisha akamtazama bwana, akanitazama mimi niliyekuwa nimeikumbatia ndoo, akasema tuna ugonjwa mmoja: tumekula kingi, upesi, kwa hofu, juu ya tumbo tupu.

Askari hawakuitwa. Mbaruku aliuachia mkono wa mzee, akaupangusa kana kwamba umeingia vumbi. "Mzee, si unajua kazi," akasema.

"Najua. Na wewe njoo magharibi ufuturu. Uji upo."

Memsabu hakuomba radhi. Watu wa namna ile wakati ule hawakuomba radhi kwa mpishi. Ila kesho yake mchana, bwana alipomaliza kula samaki na mchicha na wali wa kiasi, memsabu aliingia jikoni mwenyewe, akachukua kisahani kabatini, akakiweka mbele ya Mzee Athumani, na ufunguo juu yake.

"Kipande moja," akasema, bila kututazama. "Baada ya chakula."

Mzee akavunja kimoja. Kikalia "ta!" Akalirudisha bapa mtungini kwanza, ndipo akanipa kisahani nikipeleke. Nikakifikisha mezani, sikukiangusha.

Msitegemee niwaambie kwamba Bwana Robota akawa mwembamba. Alipungua taratibu, Jumamosi hadi Jumamosi, na Krismasi akapanda tena, kisha akashuka. Mayai yalirudi asubuhi, kwa sababu anayeamka na njaa ndiye anayeiba saa nne. Akaanza kukagua safu za mkonge kwa miguu, gari linamfuata nyuma tupu. Makuli walinuna, mizani ilikuwa imekosa maneno. Jina likabaki vilevile, majina ya mkongeni hayapungui uzito.

Neema nilimtoa nyuma ya banda la kuku nikamkalisha mezani, nikampa wali na maharage kwanza. Hakutaka. "Babu, nitanenepa." Nikamwambia kula, njaa ndiyo inayokupeleka kwa kuku. Alipomaliza nikaleta kipande kimoja kwenye kisahani, cha kwake, na changu kimoja. Bapa lililobaki nilikuwa nimeshalifungia.

"Sasa?"

"Usitafune. Weka ulimini, fumba mdomo."

"Halafu?"

Changu kilishakuwa mdomoni. Nimekula kipande kimoja baada ya chakula karibu maisha yangu yote, na kila kimoja naanza vilevile: nafumba mdomo, moyo unapiga, vidole vinaingia ubaridi, nasubiri. Kisha utamu unakuja. Nikiona sijafa, nakunja karatasi, nanyanyuka mezani.